Kikundi chetu kimegawanyika juu ya riwaya moja: nani kaisoma vibaya?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanawake tisa wa hapa Moshi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, huko Rau, tunazungumza kitabu. Mwezi uliopita tulisoma The Joy Luck Club ya Amy Tan, kwa Kiingereza, na kikao kikavunjika. Wakubwa wetu wanasema wale mabinti ni watoto waliodekezwa. Wadogo wanasema wale mama ni wakatili, na mmoja wao alilia akaondoka kabla ya chai. Mwenzetu mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa mjini, alisema kitabu kinawauzia Wazungu vituko vya watu wa Asia. Mwingine hakuweza hata kuwatofautisha wahusika. Na yupo mama mmoja ambaye binti yake yuko Marekani mwaka wa kumi na moja sasa. Yeye hakusema neno. Nani kasoma vibaya? Na mimi niliyekileta kitabu, nifanye nini?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kikao. Swali lako nimekaa nalo wiki nzima, maana kitabu hicho nimekifundisha, nimekiazimisha, na si mara moja kimerudi mikononi mwangu kikiwa na mtu aliyekasirika.

Kwa ambao hawajakisoma: kilitoka mwaka 1989. Amy Tan alizaliwa Oakland, California, mwaka 1952, kwa wazazi waliotoka China. Riwaya ina mama wanne waliokimbia vita na machafuko ya China wakaishia San Francisco, na mabinti wao wanne waliozaliwa Marekani. Mama mmoja, Suyuan, amekwisha kufariki hadithi inapoanza, na binti yake June anakalishwa kwenye kiti chake katika meza ya mchezo wa mahjong. Kwa hiyo wasimulizi ni saba, simulizi 16, sehemu nne. Sehemu ya kwanza na ya mwisho ni za mama. Mbili za katikati ni za mabinti. Mpangilio huo ushike, kwa sababu ugomvi wenu umetoka humo.

Nianze na chakula. Waverly, mmoja wa mabinti, anamleta mchumba wake Rich, Mmarekani, kwa mama yake Lindo. Lindo anapakua chakula anachojivunia kuliko vyote, nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa mvuke na mboga za kuhifadhi. Anaonja kidogo, anakunja uso, anasema hakina chumvi, hakina ladha, hakifai hata kuliwa. Rich, kwa moyo mweupe kabisa, anachukua chupa ya sosi ya soya, anasema kinahitaji hiki tu kidogo, anakimwagia chakula chote. Waverly anatamani ardhi ipasuke.

Aliyelelewa Moshi hahitaji kufafanuliwa hapo. Mama anapokuambia "karibuni, leo hatujapika kitu, ni chai tu", unajua nyuma ya pazia kuna mtori, kuna ndizi, kuna kuku aliyechinjwa alfajiri. Unajua pia kwamba jibu lake ni kula, kuomba uongezewe, na kusema hujala chakula kama hiki tangu Krismasi. Mgeni atakayejibu "kweli mama, chumvi haijakolea" atasimuliwa kihamba kwa kihamba mpaka Machame juu.

Rich alisikia maneno, kauli ikampita. Wasomaji wengi wanaomwona Lindo kuwa mama wa kero wamekaa kwenye kiti chake, wala sitawalaumu, hakuna aliyewafundisha kauli hiyo. Wakubwa wenu wameielewa papo hapo, wakahamia upande wa Lindo. Lakini mezani pale yuko mtu wa tatu, Waverly mwenyewe. Yeye anaelewa kila neno, anaelewa na kilicho chini ya neno, na kuelewa huko hakumpi nafuu yoyote, kwa sababu kauli hiyo hiyo imetumika kumpima yeye tangu utotoni. Alikuwa bingwa wa sataranji akiwa na miaka tisa, na mama yake akawa anatembea naye sokoni kumwonyesha watu kama mali. Siku alipolalamika, aliporudi nyumbani alikuta familia inakula, na mama akasema huyu hatumshughulikii. Msichana wenu aliyeondoka kabla ya chai, nina shaka sana kama alilia kwa kutoelewa. Nadhani anaielewa lugha ile kuliko wote waliobaki kikaoni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona kikundi chenu kimelipita, na ndilo lililonifanya niandike kirefu.

Rudi kwenye kitabu ukasikilize Kiingereza cha mama. Katika sehemu za mabinti, mama wanaongea Kiingereza kilichokatikakatika: vitenzi havina nyakati, maneno yamerukwa, sentensi zimekaa upande. Katika sehemu za mama wenyewe, mama wale wale wanasimulia kwa lugha iliyonyooka, yenye picha, yenye kina, lugha ya mtu aliyekaa na huzuni yake miaka arobaini akaijua kila kona. Mwandishi hakujisahau. Pale mama anasimulia kwa Kichina chake cha moyoni. Kule tunamsikia kwa masikio ya binti. Tan ameandika mwenyewe, katika insha ya mwaka 1990, jinsi akiwa msichana alivyokuwa akipiga simu na kujifanya mama yake, kwa sababu Kiingereza cha mama kilifanya watu wasimchukulie kwa uzito. Aliyeishi hivyo anajua ugumu wa kumheshimu mzazi unayemtafsiria.

Mimi naujua. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Mama yangu alipanda basi mbili kuja kuniona, amebeba mkungu wa ndizi mbivu na kibuyu cha maziwa. Akamwambia mwalimu wa zamu, mbele ya darasa zima, "Naomba kuona mtoto yangu." Wasichana wakacheka. Wiki nzima wakawa wanaitana "mtoto yangu" bwenini, na mimi nikacheka nao. Mama huyo, huko kwetu Machame, ndiye aliyekuwa akisimamishwa kusema kwenye harusi na misiba. Akizungumza Kimachame, wazee wa kiume walikuwa wanaacha vibuyu vyao vya mbege wanamsikiliza. Wenzangu hawakuwahi kumsikia mama huyo. Walimsikia yule wa ngeli zilizopotea tu, wakaamini ndiye mzima.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiniuliza nani kasoma vibaya, nitakuuliza kwanza: kila mmoja wenu amewasikia mama wale kwa lugha ya nani? Aliyekaa zaidi na kurasa za katikati, ambazo ni nyingi na zinasomeka haraka kwa kuwa maisha yake yanafanana na yetu ya mjini, amewasikia kupitia mabinti. Wa kwake ni wakali, wamepinda, hawasifu. Aliyekaa na sehemu ya kwanza amekutana na msichana Lindo aliyeposwa akiwa na miaka miwili, akapelekwa kuishi kwa wakwe akiwa na miaka 12, akaolewa akiwa na miaka 16, kisha akajitoa kwenye ndoa ile kwa akili yake bila kuwaaibisha wazazi wake. Ukishamjua huyo, huwezi tena kumwona kama kikongwe cha kero. Waverly angejua angemtazama vingine. Lakini katika kitabu mama wanasema mengi ambayo mabinti hawayasikii. Ni msomaji peke yake aliyekaa vyumba vyote viwili. Na msomaji naye ni mtu, kuna chumba anachokaa zaidi.

Hata hivyo sitakubali mwishilie kwa kusema kila mtu ana maoni yake. Kumwelewa mtu hakumwondolei kosa.

Chukua habari ya piano. Suyuan anataka June awe mtoto wa ajabu. Anafanya usafi nyumbani kwa mwalimu wa piano ili binti afundishwe. Mwalimu huyo ni kiziwi, June anagundua anaweza kupiga hovyo bila kukemewa, na siku ya onyesho anaaibika mbele ya watu wote. Siku mbili baadaye mama anamwita kwenye piano kama hakuna kilichotokea. June anakataa. Mama anamwambia mabinti ni wa aina mbili tu, mtiifu na anayefuata kichwa chake, na humu ndani ataishi mtiifu peke yake. Ndipo June anatamka kwamba anatamani yeye mwenyewe angekuwa amekufa, kama wale. Wale ni mapacha wa Suyuan, watoto wachanga aliowaacha kandokando ya njia nchini China akikimbia majeshi ya Japani, mwenyewe akiwa hoi kwa ugonjwa na akidhani hatafika mbali.

Wakubwa wenu wanasema binti huyo hana adabu. Nawaambia kwa heshima: ana miaka kama kumi, na alitumia silaha pekee iliyokuwa karibu. Mama alikosea kumfanya mtoto kuwa ushahidi wa safari yake mwenyewe. Naliona hapa kwetu kila matokeo ya mitihani yakitoka. Wadogo wenu nao nawaambia: neno lile liliua kitu, na June anakiri hivyo mwenyewe. Mama hakuitaja tena piano, mpaka June alipotimiza miaka 30 akampa iwe zawadi. Kama msamaha ungekuwa na umbo, kwa mama yule ulikuwa na umbo la piano.

Kuna kinachowasukuma wakubwa wenu upande ule, na si ukaidi. Sisi tumerithi fasihi ambamo mama anausia na binti ananyamaza. Mwana Kupona, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake Mwana Hashima: "Negema, wangu binti." Akamwambia alete wino na karatasi. Utenzi ule ni mzuri mno, nimeufundisha kwa mapenzi, na Mwana Hashima hajibu hata beti moja. Tukizoea hivyo, binti anayepewa nusu ya kitabu ajibu anatusikikia kama anayepayuka. Methali ya asiyefunzwa na mamaye nina hakika ilitajwa kikaoni. Mabinti hawa walifunzwa na mama na ulimwengu kwa siku moja, na mafunzo yalipingana.

Tena wakubwa wasisahau meza ya kaa. Ni sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, Suyuan ameandaa kaa, wageni wanachagua walio bora, na June anajiwekea aliyekatika mguu. Mezani, Waverly anamdharau June kwa kazi yake, na mama mtu badala ya kumtetea anasema binti yake hana ustaarabu wa Waverly. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilifunga kitabu kwa hasira. Baadaye, jikoni, wakiwa wawili, mama anamwambia: wote walitaka kilicho bora, wewe peke yako ulichukua kile, najua. Anavua kidani chake cha jiwe la kijani shingoni mwake na kumpa. Ilinichukua miaka kuiona mantiki yake. Mezani kuna wageni. Mtoto wako humsifu mbele ya wageni. Ya kweli husemwa jikoni. Kina mama wangapi wa hapa wamekufa kabla ya kufika jikoni?

Kuhusu mwenzenu mwenye asili ya Kihindi, msimpuuze, hoja yake ina watu wazito nyuma yake. Mwaka 1991 Frank Chin, mwandishi wa Kimarekani mwenye asili ya Kichina, alimshambulia Tan waziwazi, pamoja na Maxine Hong Kingston na David Henry Hwang, kwamba wameghushi simulizi za Kichina na kuwapa Wazungu picha waliyokwisha kuizoea. Wanaume wa Kichina katika riwaya hii wamechorwa kijuujuu sana, hilo nakubaliana nalo. Na ile habari ya An-mei, mmoja wa wale mama wanne, ambaye mama yake alikata nyama ya mkono wake akaichanganya kwenye supu ya mzazi wake anayekufa: kwa msomaji anayeujua mfano huo wa kale wa utiifu ni jambo moja, kwa asiyeujua ni kioja tu.

Lakini mwambieni pia habari ya sheria. Marekani iliwafungia mlango wafanyakazi wa Kichina mwaka 1882, na haikuufungua mpaka 1943, tena ilipoufungua ilitoa nafasi 105 tu kwa mwaka. Wanaume wengi walizeeka huko bila wake. Familia zikawa chache, vitabu vikawa vichache, na kimoja kilipopendwa na watu wengi kikabebeshwa kazi ya kuwaeleza Wachina wote. Mzigo huo hakuna riwaya inayouweza. Fikiria kitabu kimoja kuhusu mama mmoja wa Kibosho kikawa ndicho pekee wanachosoma huko ng'ambo kutuhusu sisi.

Na hapa niseme kitu kitakachouma kidogo. Sidhani mlijua, lakini kitabu kilipofunguliwa huenda macho yenu yalimgeukia yeye, kana kwamba mwenye bibi aliyetoka Gujarat anawajibika kuieleza San Francisco. Huko ni kumtwisha mzigo ule ule. Muulizeni bibi yake alifikaje Moshi, alipika nini wiki ya kwanza, aliongea na nani. China mwacheni apumzike nayo.

Anayechanganya majina, mchoreeni karatasi: Suyuan na June, An-mei na Rose, Lindo na Waverly, Ying-ying na Lena. Asome kwa jozi, mama kisha binti wake, hata kama ni kuruka kurasa. Mimi pia nilifanya hivyo.

Yule mama aliyenyamaza ndiye aliyenikosesha usingizi.

Wanaobishana juu ya kitabu hiki Marekani wanabishana kuhusu pande mbili, mama aliyehama na binti aliyezaliwa ugenini. Moshi tuna upande wa tatu. Sisi ndio tuliobaki. Katika riwaya waliobaki ni wale mapacha wa njiani, waliolelewa na watu wengine huku Suyuan akiandika barua mpaka anakufa akiwatafuta. Wakipatikana, amekwisha kwenda. Wale mama watatu wa meza ya mahjong, ambao June anawaita shangazi, wanampa hundi ya dola 1,200 asafiri kuwaona dada zake awaeleze habari za mama yao. June anajibu: nitawaambia nini, sijui chochote, alikuwa mama yangu tu. Shangazi wanashtuka, kwa sababu wamewaona binti zao wenyewe ndani ya jibu hilo.

Hebu mweke mwenzenu hapo. Ana binti huko. Pengine ana wajukuu wanaomwamkia kwa simu kwa Kiingereza, anacheka, anasema "yes, yes," anarudisha simu. Anasoma kitabu hiki na anaona kwamba binti yake, yule aliyemfundisha kusuka na kupalilia migomba, leo ndiye mama wa kwenye riwaya, mwenye lafudhi inayochekwa na mtoto wake mwenyewe. Ninyi mlikuwa mnahesabu nani yuko upande wa mama na nani yuko upande wa binti. Yeye alikuwa anasoma kuhusu vizazi viwili vyake kwa mara moja, na yeye mwenyewe hamo. Msimdai maoni.

Kitabu kinafunguliwa na mwanamke aliyenunua bata maji Shanghai akavuka naye bahari, na maofisa wa uhamiaji wakamnyang'anya, akabaki na unyoya mmoja. Anautunza miaka mingi ampe binti yake amwambie unyoya huu umetoka mbali na umebeba nia zangu njema zote. Anangoja mpaka ajue kulisema hilo kwa Kiingereza kisicho na dosari. Mtoto wa Dar es Salaam anayekuja huku Desemba akipewa jani la isale, ambalo kwetu Wachagga ni la kuombea msamaha, atadhani limechumwa kwenye mpaka wa shamba tu, na kweli ndiko lilikochumwa. Bibi anayempa anaomba yaishe. Neno lake kwa Kiswahili halimjii.

Kikao kijacho usikianze na nani alikuwa sahihi. Pika. Atakayewakaribisha aseme hakuna kitu, kisha msome kwa sauti ukurasa wa sosi ya soya mkiwa na sahani mkononi. Msichana aliyelia mwalike wewe mwenyewe, kwa miguu, usimtumie ujumbe wa kikundi. Halafu chagueni simulizi moja ya mama, mimi ningechukua ile ya Lindo na ndoa yake, na mwombeni yule mama aliyenyamaza aisimulie upya kwa Kichagga chake, kwa muda anaoutaka. Asitafsiriwe. Wasiokielewa wakae, wamtazame, wangoje mpaka amalize.